Mguu Uliovunjika na Damu Inayoganda: Mwongozo Kamili wa Wiki Sita za Nyumbani

Makosa ni yale yale. Mgonjwa aliyevunjika paja kwa ajali ya boda boda anatoka wodini Kisumu au Nakuru na sindano zake za kuzuia damu kuganda kwenye mfuko. Anadunga siku nne, anaona mguu umetulia, anaacha. Mwingine kigimbi kinavimba wiki ya tatu, jamaa wanamwita mtu wa kukanda. Wa tatu anapunguza kunywa maji kwa sababu choo kiko nje na magongo yanamchosha. Wote watatu mfupa wao uliungwa vizuri, lakini hatari iliyobaki haikuwa ya mfupa.

Hatari hiyo ni donge la damu katika mishipa mikubwa ya ndani ya mguu, ile inayorudisha damu moyoni. Mvunjiko unaijeruhi mishipa hiyo. Jeraha na upasuaji huifanya damu iwe rahisi kuganda. Kisha mguu unalazwa, na misuli ya kigimbi, ambayo ndiyo pampu ya kuisukuma damu juu, inanyamaza. Donge likishafanyika linaweza kung'oka, likapita moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, na hatari haiishi kabisa mpaka miezi mitatu hivi ipite. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kipindi cha hatari humkuta mgonjwa nyumbani, mbali na muuguzi. Mwongozo huu ni wa yeye na wa yule atakayemtunza.

## Vitu vya kuandaa

Vitafutwe kabla mgonjwa hajafika nyumbani, si baada ya kufika.

- Dawa yote ya kuzuia damu kuganda hadi siku ya mwisho, si ya wiki moja.
- Vitambaa vya spiriti, au pamba na spiriti.
- Chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, kwa ajili ya sindano zilizotumika.
- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani na kalamu ya wino usiofutika kwa maji.
- Daftari na saa, au simu yenye kengele.
- Mito mitatu migumu, au blanketi zilizokunjwa vizuri.
- Chupa ya maji ya lita moja.
- Bedipani, au kiti kilichotobolewa katikati chenye ndoo chini. Mwanamume awe na chupa ya mkojo kando ya kitanda.
- Magongo yaliyorekebishwa urefu. Mgonjwa akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.
- Namba za watu wawili wenye gari, mchana na usiku.

Hilo la gari halipo kwa mapambo. Mgonjwa aliyeishiwa pumzi saa tisa usiku hapakiwi kwenye boda boda.

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu manne

Siku ya kuruhusiwa kuna haraka nyingi: malipo, fomu, gari linalosubiri. Hapo ndipo maelezo ya dawa hupotea. Keti na daktari au muuguzi, uandike kwenye daftari.

Dawa gani, kipimo gani, mwisho tarehe ngapi? Dai tarehe, si "wiki kadhaa". Kwa waliofanyiwa upasuaji wa nyonga au paja, kipimo kinachotumika sana ni enoksaparini (wengi wanaijua kwa jina la Clexane) miligramu 40 mara moja kwa siku, na muda unaweza kufika siku 35. Kama umeandikiwa siku 35 na wodini umedungwa siku 9, zimebaki sindano 26. Zihesabu kabla hujaondoka dirisha la dawa.

Mvunjiko wa chini ya goti ni habari nyingine. Kadiri mvunjiko ulivyo karibu na nyonga ndivyo hatari ya donge inavyopanda, na kwa kijana mwenye plasta ya kifundo asiye na tatizo jingine, madaktari wengi hawatoi dawa kabisa. Mwingine mwenye plasta ile ile anaweza kupewa hadi siku 42 kwa sababu hatari yake ni kubwa. Usishangae jirani wa kitanda akipewa na wewe usipewe, wala usiazime dawa yake.

Je, daktari anajua kila kitu kinachoongeza hatari yangu? Mwambie mwenyewe, hata kama hakuuliza: umewahi kuwa na donge la damu, au mzazi au ndugu wa damu amewahi, una saratani, una mimba au umejifungua ndani ya wiki sita, unatumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, una siko seli, unaishi na virusi vya ukimwi, una kifua kikuu, umepita miaka 60, una uzito mkubwa. Siko seli tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria ni ugonjwa wa kawaida, na mtu mzima aliyeuzoea husahau kuutaja akivunjika mguu.

Je, kuna kinachofanya dawa hii iwe hatari kwangu? Vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, kuumia kichwa kwenye ajali ile ile, kutokwa damu kusikoisha haraka. Figo zikiwa dhaifu, enoksaparini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kipimo lazima kipunguzwe. Taja pia dawa zako zote. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge kadhaa vya kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za ARV huingiliana navyo vilevile.

Nikishindwa kuinunua nifanyeje? Swali hili watu hulionea haya, wakaenda nyumbani na nusu ya dawa. Uliza SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) inalipia kipi kati ya dawa za kwenda nazo nyumbani na kipi utatoa mfukoni. Kama fedha hazitoshi, sema hapo hapo, kwa sababu kuna njia nyingine. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada uliohusisha wagonjwa 12,211 waliovunjika, nusu wakipewa aspirini miligramu 81 mara mbili kwa siku na nusu enoksaparini. Vifo vilikaribiana sana, asilimia 0.78 kwa aspirini na 0.73 kwa enoksaparini. Madonge ya mguuni yalikuwa mengi kidogo kwa aspirini: asilimia 2.51 dhidi ya 1.71.

Maana yake ni kwamba daktari anaweza kukubadilishia kuwa vidonge vidogo vya aspirini vya bei nafuu, kwa kipimo atakachochagua yeye. Usijibadilishie mwenyewe. Aspirini haimfai kila mtu, hasa mwenye vidonda vya tumbo. Lakini aspirini iliyoandikwa na daktari ikamezwa mpaka siku ya mwisho ni bora kuliko sindano zilizokatizwa siku ya nne.

Nunua dawa yote mjini. Kemisti za senta ndogo mara nyingi hazina enoksaparini, na kuitafuta Jumapili jioni ni kujitafutia taabu.

## Hatua ya 2: Safari ya kwenda nyumbani

Wengi hulazwa Nakuru au Nairobi kisha hupelekwa ushago, ambako kuna mikono ya kumtunza. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kilomita 180 hivi. Ukikaa saa nne mfululizo goti limekunjwa na mguu unaning'inia, damu ya kigimbi inasimama.

Kodi gari ambalo mgonjwa anaweza kukaa kiti cha nyuma chote, mgongo kwenye mlango uliofungwa kwa loki, mguu umenyooka juu ya kiti na mto chini yake. Kama ni lazima matatu, lipia viti viwili.

Simamisheni gari kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu: Mau Summit, Kericho, Ahero. Anayeweza magongo ashuke asimame dakika tano. Asiyeweza achezeshe vidole na kifundo cha mguu mzima (ule usiovunjika) mara ishirini. Anywe maji njiani. Mkojo si sababu ya kujinyima, na chupa ipo.

Kama sindano ya siku hiyo inaangukia safarini, dungwa kabla ya kuondoka wodini.

## Hatua ya 3: Kitanda, mguu na choo

Inua mguu uliovunjika ili kifundo kiwe juu kidogo ya usawa wa moyo. Mito iushike mguu wote, kuanzia chini ya paja hadi juu ya kisigino, na kisigino chenyewe kielee ili kisichubuke.

Usiweke mto mmoja chini ya goti peke yake. Ni kosa la nyumba nyingi, kwa sababu mgonjwa husikia raha. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa unaobeba damu kutoka kigimbini, na mto huo unaubana.

Anywe lita mbili za maji na vinywaji vingine kwa siku, isipokuwa kama daktari amemwekea mpaka kwa sababu ya moyo au figo. Uji na chai vinahesabika, pombe haihesabiki. Kipimo rahisi ni mkojo wenyewe: uwe wa manjano hafifu. Ukiwa mweusi-mweusi kama chai ya rangi, hajanywa vya kutosha.

Na hapa rudi kwenye kile kiti chenye ndoo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mtu mwenye mguu uliovunjika, na njia ya kwenda huko usiku ina matope. Mgonjwa hatakuambia anajinyima maji, ataacha kunywa tu kimya kimya. Mwekee choo ndani, mpe faragha, mwage ndoo bila kunung'unika. Kazi hii inazuia donge la damu kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 4: Amsha misuli kila saa

Kila saa mgonjwa akiwa macho:

1. Mguu mzima: vuta vidole kuelekea usoni, kisha visukume mbali, mara 20. Kunja na kunjua goti mara 10.
2. Mguu uliovunjika: chezesha vidole mara 20. Kama kifundo kiko wazi na daktari ameruhusu, fanya vilevile kama mguu mzima.
3. Kaza msuli wa paja la mguu uliovunjika bila kuuinua mguu, hesabu hadi tano, legeza. Mara 10.
4. Vuta pumzi ndefu tano.

Zoezi la tatu linawezekana hata ndani ya plasta ndefu. Mfupa hausogei, msuli ndio unaojibana. Maumivu kidogo ni sawa, lakini maumivu makali ya ghafla ni ishara ya kuacha.

Mguu mzima usisahaulike. Donge linaweza kufanyika huko pia, kwa sababu huo nao umelala kutwa.

Kuhusu kusimama, fuata neno la daktari wa mifupa kwa herufi: kutokanyaga kabisa, kugusa sakafu tu, au kukanyaga kwa uzito wa nusu. Ndani ya mpaka huo, simama na tembea kwa magongo mara nyingi uwezavyo. Safari fupi sita kwa siku zinafaa kuliko moja ndefu ya kuchosha.

## Hatua ya 5: Kudunga enoksaparini nyumbani

Sindano hizi huja zimejazwa tayari. Anayezidunga si lazima awe muuguzi. Omba kuonyeshwa wodini, na sindano moja uidunge wewe mbele yao kabla ya kuruhusiwa.

Saa. Chagua saa moja usiyoibadilisha, kwa mfano saa mbili usiku baada ya chakula. Weka kengele.

Mahali. Ngozi ya tumbo, kulia au kushoto, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, yaani upana wa vidole vitatu. Leo kulia, kesho kushoto. Kwepa kovu na sehemu yenye alama ya bluu. Usidunge paja lililovunjika, wala usidunge msuli wa bega kama chanjo: dawa hii ni ya mafuta yaliyo chini ya ngozi, na ndani ya msuli inaweza kuleta uvimbe mkubwa wa damu.

Namna ya kudunga:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa aegemee nyuma ili tumbo lilegee.
2. Pangusa ngozi kwa spiriti, uache ikauke yenyewe. Ikiwa mbichi inauma.
3. Vuta kifuniko cha sindano kwa kunyoosha, bila kuzungusha.
4. Usitoe lile povu la hewa. Liko humo kwa makusudi: linasukuma tone la mwisho la dawa. Ukilitoa unamwaga na dawa.
5. Finya ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada. Usiachie mfinyo huo mpaka sindano itoke.
6. Ingiza sindano yote, wima kabisa.
7. Sukuma dawa polepole, ukihesabu taratibu hadi ishirini au thelathini. Ukiharakisha, alama ya bluu huwa kubwa.
8. Itoe kwa kunyoosha. Bonyeza kidogo kwa pamba. Usisugue.
9. Itumbukize kwenye chupa ngumu bila kurudisha kifuniko, ufunge.
10. Andika tarehe, saa na upande uliodungwa.

Yanayoharibika. Ukisahau na siku haijaisha, dunga mara unapokumbuka. Siku ikiisha, endelea na dozi ya kesho kama kawaida. Usidunge mbili kufidia.

Dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25 za selsiasi, na isigandishwe kamwe. Kisumu mchana joto linapita hapo, na juu ya kabati lililo karibu na mabati ni tanuri. Iweke chini, pembe yenye kivuli ya chumba cha ndani, kwenye boksi lake. Ikigeuka rangi au kuwa na chembechembe, usiitumie.

Sindano zilizotumika hazitupwi chooni wala kwenye rundo la takataka ambako watoto huchezea. Chupa ikijaa robo tatu, ipeleke zahanati.

Dawa za kuepuka. Diklofenaki, ibuprofeni na vidonge vya maumivu vya dukani vyenye aspirini, isipokuwa daktari ameandika. Vikichanganyika na enoksaparini, tumbo linaweza kuvuja damu. Parasetamoli inatosha wengi. Ikishindwa, rudi kwa daktari akupe nyingine. Dawa za mitishamba zenye nguvu nazo zisimame hadi siku ya mwisho ya sindano.

Ukifaulu utaona alama ndogo za bluu zenye ukubwa wa sarafu tumboni, zinazogeuka manjano na kupotea. Hizo ni za kawaida. Damu isiyokoma baada ya kubonyeza dakika kumi, uvimbe mgumu unaokua, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zinazovuja, au kuumwa sana kichwa baada ya kuanguka: nenda hospitali siku hiyo hiyo, sindano inayofuata isidungwe kwanza.

## Hatua ya 6: Pima mguu kila asubuhi

Watu hushindwa hapa kwa sababu mguu uliovunjika huvimba kwa kawaida, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Utepe hauna mazoea.

Pima kabla mgonjwa hajashuka kitandani, mguu ukiwa umeinuliwa usiku kucha. Tafuta kifupa kinachochomoza chini kidogo ya pia ya goti. Shuka sentimita 10, weka alama ya kalamu, zungushia utepe bila kubana. Fanya hivyo miguu yote miwili, mahali pale pale, na uandike namba zote mbili.

Namba ya kutia shaka ni tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya vigimbi viwili. Kwa mguu wenye mvunjiko tofauti hiyo inaweza kuwapo tangu siku ya kwanza kwa sababu ya jeraha, kwa hiyo angalia mwendo wake. Uvimbe wa jeraha hupungua siku hadi siku na hushuka usiku mguu ukiinuliwa. Uvimbe wa donge huongezeka baada ya kuwa umeanza kupungua, au haushuki hata kidogo kufikia asubuhi. Ukiongezeka ghafla kwa sentimita moja au zaidi baada ya siku za kupungua, usingoje mpaka zifike tatu.

Kama plasta imefunika kigimbi, pima paja la kila mguu sentimita 15 juu ya pia ya goti, ikiwa liko wazi, na utazame vidole: rangi, joto, uvimbe. Plasta iliyokuwa imelegea kisha ikaanza kubana tena wiki ya pili au ya tatu ina kitu cha kusema.

Kisha uliza na uguse. Kigimbi au paja lina maumivu mapya, kama mkakamao usioachia? Ngozi ni ya moto kuliko upande wa pili? Imekuwa nyekundu au ya zambarau (kwa mwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi unaong'aa)? Kuna maumivu kinenani?

Usikunje kifundo kwa nguvu "kujaribu kama kuna donge". Jaribio hilo la zamani hudanganya pande zote mbili.

Wala usikande. Tunajua mafuta ya moto na mikono ya mama mkandaji yametuliza maumivu mengi, na waunga mifupa wanaheshimiwa kote magharibi mwa Kenya. Lakini kigimbi chenye donge kikikandwa, donge linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mguu uliovunjika ukivimba upya hauguswi na mkono wa kukanda mpaka altrasaundi ifanywe. Mwambieni mkandaji kwa adabu, mkimweleza sababu, naye ataelewa.

Jambo moja la kutambua: madonge mengi hayatoi dalili yoyote mguuni. Ndiyo maana kipimo kizuri cha asubuhi si ruhusa ya kuacha sindano.

## Hatua ya 7: Tofautisha dharura tatu

Mapafu. Pumzi inakatika ghafla, kifua kinachoma unapovuta hewa, moyo unakimbia, anakohoa damu, anazimia au anahisi kuzimia. Hata kama mguu unaonekana mzima. Mkalishe ameegemea, asitembee, piga 999 au 112 na wakati huo huo mwite mwenye gari. Nendeni hospitali kubwa iliyo karibu, si zahanati ya kupewa dawa ya kikohozi. Mgonjwa wa aina hii hutibiwa malaria au nimonia kwa siku mbili kwa sababu hakuna aliyesema kwamba alivunjika mguu mwezi uliopita. Sema hilo kwanza, mlangoni.

Misuli kubanwa. Hii huja zaidi siku za kwanza: maumivu yasiyosikia dawa, yanayozidi vidole vikinyooshwa, mguu mgumu kama ubao, ganzi, vidole baridi au vyeupe. Weka mguu usawa wa moyo, usiuinue zaidi, kwa sababu kuuinua kunapunguza damu inayofika. Plasta lazima ipasuliwe hospitalini, na kuna saa chache tu kabla misuli haijafa.

Donge la mguu. Uvimbe, joto na maumivu vya Hatua ya 6. Nenda siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

## Hatua ya 8: Hospitalini sema nini

Beba daftari na boksi la dawa. Sema: "Alivunjika paja tarehe fulani, akapasuliwa tarehe fulani, amedungwa hadi jana, kigimbi kimeongezeka kutoka 36 hadi 39." Maneno hayo yanamsogeza mgonjwa mbele ya foleni kuliko "mguu umevimba".

Kipimo kinachohitajika ni altrasaundi ya Doppler ya mishipa ya mguu kuanzia kinenani hadi kigimbini. Eksirei haionyeshi donge. Kipimo cha damu cha D-dimer hupanda kwa kila aliyevunjika au kupasuliwa karibuni, kwa hiyo kikiwa juu hakithibitishi chochote. Kama plasta inazuia, uliza kama itafunguliwa.

Altrasaundi ikiwa haipatikani mpaka kesho, uliza kama dawa ya tiba inaweza kuanzishwa wakati wa kungoja. Madaktari hufanya hivyo wakiwa na shaka kubwa. Na ikiwa picha ni safi lakini mguu unaendelea kuvimba, rudia baada ya wiki moja, kwani donge dogo la kigimbini linaweza kukwepa picha ya kwanza kisha likapanda.

## Hatua ya 9: Donge likipatikana

Kipimo cha kutibu ni kikubwa kuliko cha kuzuia. Enoksaparini huwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12, kwa hiyo mtu wa kilo 70 hupata miligramu 70 asubuhi na jioni. Rivaroksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, zote pamoja na chakula, la sivyo dawa hainyonywi vizuri. Muda ni angalau miezi mitatu, hata kama uvimbe umeisha wiki ya pili.

Kwa wafarini, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, kuna kazi zaidi. Damu hupimwa INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) mara kwa mara, na lengo la kawaida ni kati ya 2 na 3. Mwanzoni huenda pamoja na sindano kwa siku tano au zaidi, mpaka INR ifike 2, kwa sababu peke yake inachelewa kufanya kazi.

Na mboga? Sukuma wiki, managu, sagaa, kunde na mrenda vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini. Ushauri wa "acha mboga zote za kijani" unawafikisha watu pabaya: wanaacha, INR inapanda, wanachoka, wanakula managu na kunde kwa wiki nzima, INR inaanguka. Kula kiasi kile kile kila wiki, na dawa ipangwe kulingana na sahani yako. Msimu wa mvua mboga zikijaa shambani ukaanza kuzila zaidi, mwambie anayekupima kabla ya kipimo kijacho.

Mwanamke aliyekuwa akitumia vidonge vyenye estrojeni aombe njia nyingine ya uzazi wa mpango. Wafarini hudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hedhi ikichelewa, apime mimba mara moja.

Donge likishatokea mara moja, liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki. Daktari wa upasuaji ujao, mkunga, na daktari wa meno anayetaka kung'oa jino watahitaji kuliona kabla hawajaanza.